Mama, Usiyafurahie Mashavu Hayo

Morogoro,
Jumapili mchana, mvua inanyesha

Mama yangu,

Shikamoo. Usiinuke kuniitikia, kaa hapo hapo mkekani. Natumaini barua hii imekufikia miwani yako ikiwa karibu, kuku wamekwisha kula, na jirani yetu Mama Somoe hajaja kuazima chumvi. Kama amekuja, mpe chumvi yake aende, kisha usome. Sisi huku ni wazima. Mkweo Zawadi anakuamkia, wajukuu wanakuamkia, na yule mdogo ameota meno mawili ya mbele, anatafuna kila kitu mpaka viatu vyangu.

Najua utauliza kwa nini barua wakati simu ipo, na Jumatano tu tumezungumza. Mama, simu yako ni ya kijiji kizima. Unaweka sauti kubwa, unailaza juu ya kinu, na kabla sijamaliza neno Mama Somoe ananiuliza nitarudi lini. Halafu nikikueleza jambo unasema "haya mwanangu, nimesikia," ukikata simu unafanya lako. Ndiyo maana nimekaa kuandika, kwa herufi kubwa kama zile za darasa lako la watu wazima. Na ukishaisoma, kuna mtu mwingine nataka umpe naye aisome. Nitamtaja huko mbele.

Jambo lenyewe ni ile dawa ya magoti ninayokutumia kwa basi. Nina wasiwasi nayo, mama. Nina wasiwasi mkubwa. Lakini usiimwage, wala usiifiche, mpaka umalize kusoma.

Unanijua mwanao. Marehemu baba alikuwa akisema hata nikipewa kikombe cha maji lazima nichungulie kwanza kilichomo. Zawadi analalamika kwamba nanusa maziwa mara mbili, na kwamba fundi akija kutengeneza bomba namsimamia kama askari magereza. Ni kweli. Nimezaliwa na shaka. Ila safari hii mtu ninayemshuku kuliko wote ni mimi.

Kazi yangu umeicheka miaka yote. Mtu mzima kutoka Masasi, kwetu ambako panya ni kitoweo, eti naajiriwa kuwalisha, kuwafagilia na kuwabadilishia maji. Siku ya kwanza nilipokuonyesha picha yao ulisema, "Weupe na wanene hivi, na hamli hata mmoja?" Hatuli, mama. Hawa ni wa kupimia dawa. Bosi wangu, Daktari Mwanaidi, si daktari wa watu, ni mtaalamu wa dawa na wanyama, na anatafuta dawa za ugonjwa kama wako, baridi yabisi. Panya anachomwa sindano kwenye unyayo mmoja, unyayo unavimba. Kisha kila kundi linapewa dawa yake, na sisi tunaangalia uvimbe unashuka wapi. Si kazi ya kufurahisha. Panya mwenye mguu mbovu anachechemea akiegemea ukuta wa kizimba, na mara nyingi nikimtazama nakuona wewe unavyoshika mlango kabla ya kutoka nje. Nawashika kwa upole kuliko hata Daktari anavyoagiza.

Sasa rudi nyuma pamoja nami mpaka msimu wa korosho. Ulikuwa huwezi kuchuchumaa, huwezi hata kuinuka kitandani bila Dada Agnesi kukushika. Wakati ule ule nilikuwa natoka Dodoma na gari la kazini, tukasimama Dumila kununua vitunguu. Pembeni palikuwa na mfanyabiashara mwenye meza ya chupa, kila chupa ina karatasi yenye picha ya mlima. Akasema ni mizizi ya Uluguru, inamaliza magoti, kiuno na mgongo. Mimi kwa ujanja wangu nikataka kumjaribu. Kazini kulikuwa na mzizi mmoja umeletwa kupimwa, umetoka huko huko Uluguru, nikamtajia jina lake. Nikamuuliza, "Ni ule?" Akasema, "Ndiyo huo huo, kaka, naona wewe ni mtaalamu."

Umeona, mama? Jibu nilimpa mimi, yeye akalipokea. Na lile neno "mtaalamu" likaniingia. Nilijiambia, mimi nashinda na panya wa kupimia dawa, nani atanidanganya kuhusu dawa? Nikanunua, nikaifunga vizuri, nikaipakia kwenye basi la kusini. Sikuionja hata tone.

Yaliyofuata unayajua. Ndani ya wiki moja ulikwenda mwenyewe kisimani. Kwenye harusi ya binti wa Mjomba Lukasi ulicheza mpaka wakakutuza, Dada Agnesi akanitumia picha. Umevaa kitenge cha kijani, mashavu yamejaa, shingo imenona, unang'aa. Nilikaribia kulia. Nilimwonyesha kila mtu kazini, mlinzi wa getini nilimwonyesha mara mbili. Wote walisema neno moja, kwamba mama yangu amenawiri, anatunzwa. Na wewe uliniambia kwenye simu kwamba kijiji kizima kinasema Benedikto hajamtupa mama yake. Nilitembea kifua mbele mwezi mzima, na kila mwezi nikaongeza chupa.

Nikamsimulia Daktari Mwanaidi, kwa majivuno. Akanisikiliza, akasema, "Lete chupa moja, tuipime pamoja na ule mzizi." Sikuona ubaya. Nilitaka ishinde.

Tukapanga vizimba vinne. Dawa zote Daktari alizitia kwenye chupa zinazofanana na kuzifunga utepe wa rangi: njano, bluu, kijani na nyekundu. Rangi ipi ni dawa ipi alijua yeye peke yake, ili sisi tunaopima tusipendelee. Mimi na mwenzangu Tekla ndio tulikuwa tunapima. Kifaa chetu cha kisasa kimeharibika, kwa hiyo tunatumia uzi wa kushonea: unauzungusha kwenye mguu wa panya, unatia alama, unaulaza kwenye rula. Mimi nazungusha, Tekla anaandika.

Tekla ni Mluguru wa juu, Mkatoliki kama sisi, nyumbani kwao ni kupanda kutoka Mlali. Ule mzizi wa kazini umetoka kwa mjomba wake, Mzee Banzi, mganga wa miti shamba. Kwa hiyo siku ya pili, nilipoona panya wa utepe mwekundu nyayo zimeshuka karibu zote, wakati wa kijani bado wamevimba kama mwanzo, moyo wangu uliruka moja kwa moja kwa Tekla. Nikasema, huyu ameijua rangi ya mjomba wake, ndiyo nyekundu, na anatia kitu kingine humo ili ukoo wao upate sifa. Hakuna dawa ya mizizi inayofanya kazi haraka hivyo. Sikukumbuka kwamba mama yangu mwenyewe alipona haraka hivyo hivyo.

Nilitega mtego. Kabla ya chakula cha mchana nilipaka unga wa sembe, kidogo sana, kwenye mpini wa kabati la dawa, nikaenda zangu kula. Niliporudi unga umefutika. Nikamtazama Tekla mikono, misafi. Nikasema amenawa. Nikamwambia mbele ya watu, "Dada Tekla, kabati limefunguliwa. Umefuata nini?"

Akashangaa, akacheka, halafu akaacha kucheka. "Kaka Bene, unasemaje?"

Daktari Mwanaidi alikuwa nyuma yangu. Anapangusa suti yake nyeusi, mbele ina alama nyeupe za unga. "Nimefungua mimi," alisema. "Na nilikuwa nauliza ni nani anasonga ugali kwenye kabati langu."

Niliomba msamaha pale pale. Tekla hakunisemesha siku nne, na kazi yetu ni ya kusemeshana: mimi nasoma kipimo, yeye anarudia ndipo aandike. Alikuwa anaandika bila kurudia, mimi natoka jasho. Siku ya tano akasema, "Jumamosi unakwenda kwa mjomba. Ukamwambie mwenyewe kwamba sisi ni wezi."

Tulikwenda. Kutoka Mlali tulipanda kwa miguu, njia inateleza, upande huu maharage, upande ule kabichi. Akina mama wanashuka na matenga kichwani wanatupita kana kwamba tumesimama. Mzee Banzi nilimkuta anapalilia. Nilimwamkia, na kwa aibu nikasema ukweli wote, unga na kila kitu. Akacheka mpaka akaliachia jembe. Halafu akaniuliza kama nataka dawa ya mtu. Nikasema mama yangu anaumwa magoti ila amekwisha pata dawa. Akauliza, "Uliionja?"

Sikuelewa. Akanieleza kwamba kwake hatoi dawa ya kubebewa mgonjwa mpaka anayeibeba anywe kwanza, mbele yake, kikombe kizima. Hana chupa wala hauzi sokoni. "Unampelekea mama yako kitu ambacho wewe hujakimeza?" aliniuliza. Hakuuliza kwa ukali. Akanipa kikombe cha ule mzizi wake. Mama, ni mchungu, unakamata ulimi kama ndizi mbichi, na uchungu wake nilishuka nao mpaka mjini.

Nilipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwenye chupa niliyokuwa nimekununulia, bado sijaituma. Nikaifungua na kunywa kijiko. Ilikuwa tangawizi na sukari. Ule mzizi haukuwamo hata harufu. Mwishoni kabisa, nyuma ya koo, kulikuwa na uchungu mwembamba wa kidonge kilichokwama.

Sikulifurahia hilo, lakini hata hapo nilijitetea. Nilisema labda ni mzizi mwingine. Nikasubiri vizimba. Wiki ya tatu panya wa utepe mwekundu wakaanza kukonda. Manyoya yakapoteza mng'ao, na mmoja aliyejikwaruza mgongo kidonda kikakataa kufunga. Panya wa bluu nao hivyo hivyo, sawasawa na wenzao wekundu. Wa njano walikuwa bado wamevimba. Wa kijani uvimbe ulikuwa umeanza kushuka polepole, kidogo tu, lakini wanakula na manyoya yao safi.

Ndipo Daktari akafunua rangi. Njano ni maji matupu. Kijani ni mzizi wa Mzee Banzi. Bluu ni dawa kali ya hospitali ya kushusha uvimbe, jamii wanayoiita steroidi, ambayo daktari wa watu humpa mgonjwa kwa kipimo na kwa uangalizi. Nyekundu ni chupa ya Dumila. Daktari alisema kitu cha mizizi hakiwezi kufanana hivyo na kile cha bluu mpaka kwenye vidonda. Anashuku kuna mtu anasaga vidonge vya aina hiyo na kuvichanganya humo. Chupa imepelekwa Dar kupimwa, majibu bado hayajarudi, kwa hiyo nakuambia kama shaka, si kama hukumu.

Halafu akaniuliza, "Mama yako yukoje?" Nikatoa simu kwa haraka, nikamwonyesha ile picha ya harusi. Nilidhani inanitetea. Aliitazama, akaikuza, akatazama mashavu, akatazama ile nyama nyuma ya shingo yako. Hakusema umenawiri. Ni mtu wa kwanza ambaye hakusema hivyo. Akauliza, "Anakunywa maji mengi? Anakwenda haja ndogo mara kwa mara? Ana kidonda chochote?"

Mama, nilikaa chini kwenye ndoo ya chakula cha panya. Jumatano uliniambia kiu inakusumbua mpaka unalala na kibuyu. Na ule mkwaruzo wa jembe kwenye muundi, uliopata kabla ya mvua, ulisema bado unatoa maji. Nami nilikujibu nini? Nilikujibu upake mafuta ya nazi.

Panya, dawa hii inawakondesha. Binadamu inamjaza uso na shingo, inampandisha sukari, inamdhoofisha mifupa, na vidonda vinagoma kupona. Ndivyo Daktari alivyonieleza. Yale mashavu tuliyoyashangilia wote, kijiji kizima, hayakuwa afya. Sikukutunza, mama. Nilikuwa nakulisha kitu nisichokijua na kupokea sifa juu yake. Nimelia kwa jambo hili na sioni haya kukuandikia.

Juzi nilirudi Dumila. Nilikwenda nimejiandaa kugombana. Yule mfanyabiashara alinitambua kwa mbali, akasema, "Mtaalamu! Mama anaendeleaje?" Nikamtazama usoni, mama, naye mashavu yamejaa vile vile. Anainywa mwenyewe kwa ajili ya mgongo. Analetewa kwenye madumu na mtu wa gari anayekutana naye Mikese, anachofanya yeye ni kujaza chupa na kubandika mlima. Nilimwambia ninachoshuku. Akaniona nimetumwa na washindani wake. Nilipoondoka alikuwa anamuuzia bibi mmoja mwenye bakora, na sikujua nimfuate nani, bibi au mtu wa madumu. Daktari amesema ataandika kwa wanaohusika na dawa. Mimi nakuandikia wewe.

Sasa sikiliza vizuri, mama, na sehemu hii Dada Agnesi akusomee tena kwa sauti. Usiache dawa hii ghafla. Nakujua, ukikasirika utaitupa chooni leo leo. Usifanye hivyo. Daktari Mwanaidi anasema ukiinywa miezi mingi mwili unasahau kutengeneza kilicho chake, na ukiikata mara moja mtu anaweza kuanguka asiinuke. Inapunguzwa kidogo kidogo, na wa kuipunguza ni daktari wa watu, si mimi wala wewe. Kesho asubuhi Agnesi akupeleke hospitali ya misheni. Beba chupa, zote, hata ile uliyoificha kwenye debe la mtama. Usiniulize nimejuaje. Ukifika umpe daktari barua hii aisome, yeye ndiye mtu niliyesema nitamtaja. Akupime sukari, aangalie kidonda na hayo magoti. Na akikuuliza nani alikupa dawa, usinifiche. Sema ni mwanangu.

Magoti yatarudi kuuma, mama. Hilo nakuambia mapema ili usiseme nimekudanganya mara ya pili. Kuna dawa za halali za ugonjwa wako, daktari atazungumza nawe, na mimi nimeomba likizo. Nitakuja na nitakaa mpaka uzoee. Mzizi wa Mzee Banzi siji nao. Panya wachache kupata nafuu kidogo si ruhusa ya kumnywesha mama yangu, na nimekwisha fanya kosa hilo mara moja.

Nisalimie Dada Agnesi, mlezi wako na wangu, mwambie asinikasirikie mpaka nifike. Msalimie Mjomba Lukasi, baba wa bibi harusi, na Shangazi Roza mpika pombe ambaye bado ananidai nicheze naye ngoma. Padri wetu naye umsalimie, mwombe aniombee. Hata Mama Somoe msalimie, maana najua atakuwa amesoma barua hii kabla ya kesho jioni.

Na jambo moja la mwisho. Dawa ikipunguzwa, uso utashuka. Mashavu yataondoka, kitenge cha kijani kitakulegea. Watu watakutazama na kusema Benedikto amebadilika, amemtupa mama yake, tazameni alivyokwisha. Waache waseme. Usinitetee. Mimi nitashuka stendi na kuja mbio mpaka uwanjani kwetu, na kitu ninachokiomba kwa Mungu ni kimoja tu, nikukute umekonda.

Mwanao, aliyesahau kuonja,
Benedikto